Herufi za Nyumba ya Pili

Kila jioni masomo yakiisha, Watiri hakufuata njia ya nyumbani pamoja na wenzake wa Gredi ya Saba. Alikata kona sokoni Gakindu, akawapita wauza ndizi na fundi wa viatu, akaingia katika chumba chembamba kilichonuka wino na karatasi yenye joto. Hapo ndipo Mama Aaliya alipofanyia kazi yake ya kuchapa. Mama Aaliya alikuwa mtu wa Majengo, mjini Nyeri. Alikuja Gakindu na mumewe kuuza nguo. Mume akafariki, nguo zikaisha, yeye akabaki na kompyuta mbili na printa yenye kelele kama mashine ya kumenya kahawa.

Watiri alikuwa akifagia, akipanga karatasi, akifuta vumbi kwenye vioo. Kisha alipewa kiti mbele ya kompyuta kuukuu, akafundishwa.

Kazi iliyomlisha Mama Aaliya haikuwa barua wala mitihani ya shule. Ilikuwa vitabu vya mazishi. Huku hakuna anayezikwa bila kitabu: picha juu, historia ya marehemu, majina ya familia, utaratibu wa ibada, nyimbo, na picha nyingine nyuma. Mtu anaweza kubeba kahawa ya wengine maisha yake yote bila jina lake kuchapishwa popote ila kwenye kitambulisho. Siku akifa ndipo anapewa kitabu. Na watu hukisoma kuliko wanavyosoma gazeti. Nani ametajwa kwanza? Nani ameachwa? Nani amekatwa bega kwenye picha?

"Ndiyo maana hapa hatupaki rangi kwa mkono," Mama Aaliya alimwambia siku za kwanza. "Kila fungu lipe mtindo wake. Kichwa, mtindo wa kichwa. Maelezo, mtindo wa maelezo. Majina, mtindo wa majina. Mtindo ni agizo, umeelewa? Nikibadilisha agizo mara moja, maandishi yote yaliyo chini yake yanabadilika pamoja."

"Na nikishika neno moja tu nilikuze?"

"Hapo umelipatia neno hilo agizo lake la pembeni. Litasikiza hilo la pembeni, la mtindo litalipuuza. Leo utaona sawa tu. Lakini siku nikibadilisha mtindo, wote watasonga mbele, na hilo litabaki limesimama peke yake kama mtoto aliyesahauliwa shuleni."

"Nimeelewa, Mama Aaliya."

Alikuwa ameelewa kweli. Kuelewa hakukumzuia.

Baba yake Watiri, Simeon Wahome, alipakia magunia katika ghala la kiwanda cha kahawa kule bondeni. Alikuwa na nyumba mbili. Nyumba ya juu, karibu na barabara, ilikuwa ya Phyllis, mama yake Watiri. Nyumba ya chini, karibu na mto, ilikuwa ya Nkirote, aliyetoka upande wa Meru. Kila nyumba ilipopata binti wa kwanza, mila ilikuwa ile ile: mtoto alipewa jina la mama yake Wahome, bibi ambaye wajukuu walimwita Cucu. Kwa hiyo palikuwa na Watiri wawili wa baba mmoja, darasa moja, tena waliketi dawati kwa dawati. Mwalimu alichoka kuchanganyikiwa, akamwita wa nyumba ya chini Tiri. Jina likashika.

Watiri na Tiri hawakupigana. Walisalimiana kama watu waliokutana dukani. Lakini jioni, upepo ulipopanda kutoka mtoni, Watiri alisikia redio ya baba yake ikiimba kule chini, na mama yake akizidi kugonga sufuria ili asiisikie. Kitu kidogo. Kilikaa moyoni mwake kama mchanga kwenye kiatu.

Ukuta wa ghala ulikuwa na ufa. Wahome aliusema nyumbani, akausema kazini, akausema mbele ya kamati ya kiwanda. Kamati ilikuwa na dawa yake. Wageni wakubwa walikuwa wanakuja kutazama kahawa, basi ufa ukapigwa plasta, plasta ikapakwa rangi nyeupe, na wageni wakapiga picha mbele yake. Nchi yetu haijawahi kukosa rangi nyeupe. Msingi ndio hukosekana.

Mvua za Aprili zilipokaza, ukuta ukalala. Ulilala na Wahome chini yake.

Mwenyekiti wa kamati, mzee Kihara, hakungoja hata tope likauke. Alieneza habari kwamba ni mvua tu, na kwamba marehemu aliingia ghalani bila ruhusa. Wafanyakazi walisikia, wakatazama chini. Nani angesema? Kila mmoja alikuwa na watoto.

Aliyesikia kila kitu kwa masikio yake alikuwa Nkirote. Alichagua buni mbovu kwenye meza za kuanikia, hatua chache kutoka mlango wa ghala. Alikuwapo siku mumewe alipomwambia Kihara habari za ufa, na alisikia jibu alilopewa.

Wajane wawili hawa hawakuwahi kukubaliana juu ya jambo lolote, hata njia ya mbuzi. Lakini usiku wa msiba ulipokwisha waliketi benchi moja, Phyllis akasema, "Wewe ulisikia. Mimi sikusikia."

"Nilisikia," Nkirote akajibu.

"Basi Ijumaa, kaburini, tusimame pamoja. Wewe useme. Mimi nikushike mkono. Akisimama mmoja, watasema ni wivu wa wake wenza."

"Nitasema, Mama Watiri. Lakini unishike kweli."

Yote yalitegemea hapo. Nyumba mbili zikisimama pamoja, habari za ukuta zingesemwa mbele ya kanisa na naibu wa chifu. Zikitengana, Wahome angezikwa pamoja na ukweli wake, na rangi nyeupe ingepakwa tena.

Kitabu cha mazishi alipewa Watiri akichape. "Si wewe unajua kompyuta?" wajomba walisema. "Ya baba yako uifanye mwenyewe."

Watiri aliketi kwenye kiti chake cha siku zote. Mama Aaliya aliweka mkono begani mwake, akamwacha. Vidole viliandika alipozaliwa baba, alipobatizwa, alikofanya kazi. Viliandika: *Aliona ufa, akasema.* Hakulia. Kulia kulikuja alipofika ukurasa wa familia, na kulikuja kwa sura ya hasira.

Aliandika majina ya nyumba ya kwanza. Aliandika ya nyumba ya pili. Mistari ya mwisho ikamwagika ukurasa wa pili, ikasukuma picha, picha ikasukuma wimbo, na kitabu kizima kikavurugika. Dawa zilikuwapo. Angeweza kupunguza mtindo wa majina ili yote yapungue sawa. Angeweza kuongeza karatasi moja katikati. Alizijua zote mbili.

Alitazama mlangoni. Mama Aaliya alikuwa ameingia chumba cha nyuma kuswali. Watiri akashika kipanya, akavuta kivuli cha samawati juu ya majina ya mwisho: Nkirote, Watiri, Mugendi. Akaenda kwenye kisanduku cha ukubwa, akafuta kumi na moja, akaandika nane.

Majina yakanywea. Ukurasa ukatosha. Picha ikarudi mahali pake.

*Ndio waliokuja mwisho,* alijiambia. *Lazima mtu apungue.*

Mama Aaliya alirudi akikunja mkeka. Akainama juu ya kioo. "Umemaliza? Vizuri. Kuna mahali umepaka kwa mkono?"

"Hakuna."

"Mitindo kila mahali?"

"Kila mahali, Mama Aaliya."

Uongo ule haukuwa na uzito wowote ulipotoka mdomoni. Ulipata uzito kesho yake.

Kesho yake mzee mmoja wa kanisa alipita kwa Mama Aaliya. "Mama, wazee wetu macho imeisha. Hizo herufi tukuzie, tafadhali. Nyanya wengine husoma kama wanatafuta sindano."

Haikuwa kazi. Mama Aaliya alibadilisha mtindo wa maelezo, akabadilisha mtindo wa majina, na kitabu kizima kikanenepa mara moja, kurasa zote, kama alivyotaka. Aliongeza karatasi moja ili kitoshe. Stima ilikuwa ikienda na kurudi tangu asubuhi, basi hakusoma jina kwa jina. Alikuwa ameambiwa hakuna kitu cha mkono. Aliamini. Printa ikaunguruma, vitabu vikapigwa pini, vikapakiwa katika boksi, vikapelekwa kwa marehemu.

Watiri alikuwa akiosha vikombe nyuma ya nyumba boksi lilipofika. Alhamisi hiyo watu walikuwa wengi uani, wengine wakipasua kuni, wengine wakingoja chai. Mzee Kihara naye alikuwapo. Mpango wa wajane ulikuwa umemfikia; alikuja na sukari na unga, akakaa kiti cha mbele kama mtu anayeombewa. Yeye ndiye aliyefungua kitabu kwanza.

Alisoma polepole. Akafika katikati. Akainua uso, akatabasamu kidogo.

"Nkirote," aliita, "njoo uone. Ama macho yangu ni mabaya?"

Nkirote alikuja akipangusa mikono kwenye leso. Alitazama. Kwenye ukurasa ule, PHYLLIS na watoto wake walikuwa wakubwa, weusi, wa kusomwa kutoka barabarani. Chini yao, pembeni kabisa, yeye na watoto wake walikuwa vijidudu.

"Ati hawa ndio unataka kusimama nao?" Kihara alisema kwa sauti ya upole, ile sauti ya mtu anayekupa pole huku anakukanyaga. "Hata kitabu kinajua nani ni nani."

Nkirote hakupiga kelele. Hilo ndilo lililotisha. Alimtazama Phyllis aliyekuwa amesimama mlangoni bila kujua lililotokea.

"Mama Watiri, ulisema unishike mkono."

"Nimefanya nini?"

"Nimeandikwa kama maonyo ya chupa ya dawa ya kahawa. Yale hakuna mtu husoma." Alimpa kitabu. "Mzikeni. Mzikeni nyinyi wa herufi kubwa. Wanangu hawatatupa udongo."

"Nkirote, naapa mimi..."

"Usiape kwa maiti."

Akashuka njia ya mtoni akiwa amemshika Mugendi mkono. Watu waligawanyika papo hapo kama maji kwenye jiwe. Wa juu walisema Nkirote alikuwa akitafuta sababu. Wa chini walisema wamejua siku zote. Kuhusu ukuta, hakuna aliyesema neno. Kihara aliomba chai nyingine.

"Ni nini hii?" Phyllis alimgeukia binti yake. "Si wewe uliandika?"

"Ni kompyuta, Mama," Watiri akasema. "Mama Aaliya aliibadilisha. Ni kompyuta ilifanya hivyo."

"Kompyuta," Phyllis alirudia, akaketi kwenye kizingiti.

Watiri alichukua mtungi, akakimbilia bombani. Alitaka kuwa mahali pasipo na macho. Lakini Tiri alikuwa ametangulia pale, na mtungi wake ulikuwa umejaa zamani, maji yakimwagika bila yeye kuufunga mfereji.

"Funga maji," Watiri alisema, kwa kukosa la kusema.

"Funga wewe. Si ni wewe mkubwa?"

"Tiri..."

"Usiniite Tiri leo. Niite Watiri. Ama jina hilo pia ni lako peke yako?" Macho ya Tiri yalikuwa mekundu. "Nimesoma jina la Cucu mara mbili kwenye ukurasa mmoja. Moja ya watu, moja ya mchwa. Nani alitushikia herufi tukapungua hivyo?"

"Ni kompyuta."

Tiri alicheka, kicheko kikavu. "Mimi pia nimefundishwa kompyuta shuleni, dada. Kompyuta haina mama wa kambo."

Akajitwika mtungi, akaondoka. Maji yaliendelea kumwagika. Watiri aliufunga mfereji, akausahau mtungi wake hapo hapo, akakimbia hadi Gakindu.

Mama Aaliya alikuwa ameshapata habari. Habari mbaya haihitaji boda. Alikuwa ameketi mbele ya kompyuta, kitabu kiko wazi kwenye kioo, uso umekuwa wa kijivu.

"Wamenipigia simu," alisema. "Wanasema mwanamke wa Majengo ameharibu mazishi. Nimetafuta kosa langu tangu saa ile. Nilibadilisha mtindo tu. Mtindo haumchagui mtu, Watiri. Kwa nini wale watatu hawakusonga?"

Watiri alisimama mlangoni. Angeweza kunyamaza hata hapo. Lawama ilikuwa imeshapata mtu, tena mtu wa mbali, wa dini nyingine, asiye na ukoo Gakindu wa kumtetea. Hivyo ndivyo lawama hutembea katika nchi hii. Hushuka kama maji, hutafuta aliye chini kabisa.

"Niliwashika kwa mkono," alisema.

"Sema tena."

"Ukurasa haukutosha. Niliwapa nane. Kwa mkono. Ulipouliza, nilidanganya."

Watiri alitamani kofi, maana kofi lingeisha.

"Kaa," Mama Aaliya alisema. "Wavutie kivuli."

Watiri aliyafunika yale majina kwa kivuli cha samawati.

"Sasa ona kwenye kisanduku. Mtindo unasema kumi na nne. Wao wanasema nane. Mtindo ulipaza sauti, lakini wewe ulikuwa umewaziba masikio. Shika Control, ugonge spesi."

Watiri aligonga. Nkirote, Watiri na Mugendi waliruka mara moja, wakawa sawa na wenzao. Kwa ile karatasi moja iliyoongezwa, wote walienea, na nafasi ikabaki chini.

"Agizo la pembeni limefutika," Mama Aaliya alisema. "Kwenye kompyuta ni kidole kimoja. Kule nyumbani si kidole kimoja. Karatasi ya katikati nitaichapa upya sasa hivi, tutoe pini, tubadilishe. Lakini wewe usikae hapa kunisaidia. Nenda kwa aliyepunguzwa. Na umwambie ni wewe. Usimwambie ni mashine, kwa sababu mimi ndiye mashine unayoisema."

Nyumba ya chini ilikuwa na moshi na ukimya. Nkirote aliketi kwenye kigoda akichambua maharagwe ambayo hakuna aliyekuwa na hamu ya kuyala. Tiri alisimama pembeni, mikono kifuani. Ndani, kwenye kitanda, aliketi Cucu, mama yake marehemu, ambaye msiba ulipoingia alichagua kulala nyumba ya chini kwa sababu ilikuwa na joto.

"Mama mdogo," Watiri alisema. "Ni mimi niliyewapunguza. Mama yangu hakujua. Mama Aaliya hakujua. Ukurasa ulijaa, nikawapunguza nyinyi."

Nkirote hakuacha maharagwe. "Kwa nini sisi?"

"Mlikuwa mwisho."

"Nani alituweka mwisho?"

Watiri alitazama maharagwe kwenye ungo.

"Kitabu kina kurasa ngapi? Kina nyimbo, kina sala, kina picha ya baba yenu amevaa suti ya kuazima. Ukakosa kitu kingine cha kupunguza? Usinidanganye mara ya pili, mtoto. Nimechoka."

Hapo Watiri alisema lile alilokuwa hajajiambia hata yeye mwenyewe. "Nilitaka muonekane wadogo. Jioni nilikuwa nasikia redio yake huku kwenu. Nilitaka iwe kwetu."

Kidole cha Nkirote kilisimama ndani ya ungo. Tiri alitazama pembeni.

"Redio yenyewe haikuwa na betri nusu ya wakati," Tiri alisema polepole. "Alikuwa anaipiga makofi."

Nkirote aliinua macho. Hayakuwa na huruma, lakini yalikuwa yameacha kuwaka.

"Umesema. Nimesikia. Sasa nenda. Kama nitakuja kesho, nitakuja. Sikuahidi kitu."

Watiri alipanda njia. Nyumbani alimwambia mama yake yote, mbele ya shangazi na wajomba, bila kuacha neno. Phyllis hakumpiga. Alivaa sweta, akashuka mtoni mwenyewe. Waliyosemezana wajane wale hakuna aliyeyasikia.

Ijumaa kulikucha na manyunyu. Mama Aaliya alifika mapema na boksi lake, buibui likiwa na matope hadi magotini, akagawa vitabu kwa mkono wake mwenyewe. Kaburi lilikuwa wazi, jeneza juu ya kamba. Mahali pa nyumba ya pili palikuwa patupu. Kihara alikuwa amevaa koti jeusi. Mhubiri alitazama saa, akatazama Phyllis.

"Tungoje," Phyllis alisema.

"Mama, mvua..."

"Mvua ndiyo mnasema ilimuua. Itungoje pia."

Watiri alikuwa akitazama njia ya mtoni mpaka macho yakauma. Ndipo walipotokea: Nkirote mbele, Mugendi mgongoni, Tiri amemshika Cucu kiwiko. Walikuja bila haraka. Nkirote hakumtazama Watiri. Alipita, akasimama kando ya Phyllis, na Phyllis akautafuta mkono wake, akaushika mbele ya watu wote.

Nkirote hakuhitaji kipaza sauti.

"Nilikuwa mezani nachagua buni. Mume wetu alisema, 'Mwenyekiti, ufa wa huu ukuta unaingiza mkono, utaua mtu.' Akajibiwa, 'Piga plasta, wageni wanakuja.' Hakuingia ghalani bila ruhusa. Alitumwa. Nilisikia akitumwa."

Kihara alifungua kitabu, akaenda moja kwa moja kwenye ukurasa wa katikati, kama mtu anayerudi mahali alipoficha kisu. Herufi zilikuwa sawa. Akafunga kitabu.

"Huyu ni mwanamke mwenye uchungu tu," alianza.

"Mimi pia nilisikia," sauti ikasema kutoka nyuma. Alikuwa mmoja wa wanawake wa meza za kuanikia. Kisha mwingine akasimama. Kisha mwanamume aliyepiga plasta, akiwa ameishika kofia yake kwa mikono miwili, akasema ni yeye aliyeziba ufa ule, na kwamba mkono wake ulikuwa ukiingia hadi kwenye kifundo. Naibu wa chifu alitoa kalamu. Aliwaambia wote wafike kituoni Jumatatu, na mwenyekiti naye afike.

Wahome alizikwa. Hilo halikubadilika. Udongo wa Gakindu ni mwekundu na mzito, na ulipogonga jeneza Watiri alihisi kila donge. Watoto wa nyumba zote mbili waliutupa, mmoja baada ya mwingine, na Tiri alipomaliza alimpa Watiri konzi ya udongo iliyobaki mkononi mwake.

Watu walipotawanyika, Cucu aliwaita wale wasichana wawili kwenye benchi. Hakujua kusoma. Alifungua kitabu katikati, akasema, "Nionyesheni jina langu."

Watiri akaonyesha la kwanza. Tiri akaonyesha la pili. Cucu akaweka ukucha wa kidole gumba kando ya jina moja, akapima kimo chake, kisha akauhamisha ukucha hadi jina la pili bila kuutikisa. Akarudia mara nyingine kwa sababu hakuamini watu upesi.

"Sasa," alisema. "Watiri, nisikilize, na wewe mwenzake usikilize. Wakati wa dharura ya wakoloni baba yangu alikuwa kambini, amefungwa. Huku nyuma wakagawa mashamba, wakaandika majina. Jina lake halikuandikwa. Aliporudi akauliza kwa nini. Unajua walimwambia nini? Hawakusema walimchukia. Walisema karatasi ilijaa."

Alikifunga kitabu, akakiweka mapajani.

"Alikufa akiwa kibarua kwenye shamba lake. Kila anayempunguza mwenzake husema karatasi ilijaa. Karatasi haijai. Ukiona nafasi haitoshi, punguzeni wote sawa ama ongezeni karatasi, lakini usimfinye mmoja ukaficha. Umekosa mara mbili, mtoto wangu. Kosa la kwanza lilikuwa la mkono. La pili, la kudanganya ulipoulizwa, ndilo lililokaribia kumzika baba yako mara mbili. Ukifanya kazi, ifanye kutoka msingi. Na ukiulizwa kama kuna ufa, usipake rangi. Sema upo."

"Ndiyo, Cucu," Watiri alisema.

"Na wewe?"

"Ndiyo, Cucu," alisema Watiri wa pili.

Kule bondeni ghala lilikuwa wazi upande mmoja, kuta zake tatu nyeupe zikimeremeta kwenye manyunyu. Wasichana wakamshika bibi yao, mmoja huku, mwingine huku, wakamteremsha hadi nyumba yenye joto.